Dizeli ya Macho ya Bibi

Jumamosi, 25 Septemba 1982

Leo Baba ameondoa nyasi zilizofunika Landrova. Mimi na Mama tumewatoa kuku. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na mayai kumi na moja, na lililokuwa bovu ndilo lililopasukia mkononi mwangu.

Mtihani wa darasa la saba umekwisha. Mwalimu Justa alitugawia wasichana wanne daftari moja moja kutoka stoo, akasema tuandike kila siku mpaka majibu yatoke, hata kama siku haina kitu, ili mkono usisahau. Siku ya leo ina kitu.

Gari hili lilikuwa la misheni. Baba aliliendesha miaka kumi na mitano. Mapadre walipoletewa jipya wakampa hili, kwa sababu lilikuwa limezima na hakuna aliyeweza kuliwasha. Limekaa hapa kwetu Ushirombo miaka minne. Watoto wanalichezea ubatizo, kwa kuwa wanajua lilibeba mapadre.

Sababu ya kulifufua ni Bibi. Bibi Nyamizi ni mama yake Baba, naye ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa. Macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Sasa anaona mwanga wa mlango, na mtu akipita anaona kivuli. Kanisani wametangaza kwamba daktari wa macho atakuja kwa ndege ndogo kwenye hospitali iliyo ng'ambo ya Kahama. Atapasua watu siku tatu tu, kuanzia Jumatatu tarehe 29 Novemba, na Alhamisi asubuhi anaondoka. Mara ya mwisho alikuja nikiwa darasa la tatu.

Ni maili sabini kutoka hapa. Basi liliacha kuja mwezi wa sita kwa kukosa matairi. Juu ya lori la pamba Bibi hawezi kupanda, na baiskeli ilimwangusha mwaka jana ikamuumiza nyonga. Baba hakusema mengi. Alisema, "Mama atakwenda kwa gari la mwanawe," akachukua panga akaanza kukata nyasi.

Jumatatu, 27 Septemba

Baba amekwenda Kahama kuomba kibali cha dizeli. Amerudi bila kibali.

Ijumaa, 1 Oktoba

Amekwenda tena. Anayetia saini yuko safarini.

Alhamisi, 7 Oktoba

Safari ya tatu Baba amepata. Madebe mawili ya dizeli, kwa ajili ya mgonjwa. Ameyaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Mzee Mihayo, akitembea nyuma yake njia nzima kuangalia yasivuje. Tumeyaweka chumbani kwa Bibi nyuma ya mlango, maana Bibi hatoki, na hakuna mwizi atakayeingia bila yeye kumsikia.

Bibi ameyapapasa, akayagonga kwa kidole. "Hayo ndiyo macho yangu?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," Baba akasema.

"Yananuka vibaya."

Jumanne, 12 Oktoba

Fundi amefika. Anaitwa Nkwabi. Anatoka Geita, na zamani alikuwa akitengeneza injini za mgodi kabla haujafungwa. Sasa anachimba dhahabu mwenyewe na wenzake, kwa sururu, na kwa maneno yake dhahabu inamwona yeye mapema kuliko yeye anavyoiona. Baba alimfahamu enzi za misheni. Hataki malipo ila kula, kulala, na gari likipona limrudishe Geita hadi mlangoni kwake, watu wamwone akishuka.

Ana kipande cha mpira wa maji shingoni kama daktari. Anaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye chuma.

Sikumpenda. Alipokwenda kumwamkia Bibi nilikuwepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye fundi wewe? Mbona unanuka pombe na jua halijapanda?"

"Ni dawa ya mikono, Bibi. Nisipokunywa inatetemeka."

"Ikitetemeka kwenye gari langu nitakuchapa kwa fimbo hii."

"Utanionaje?"

"Nitafuata harufu."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alikuwa akihesabu viazi.

Alhamisi, 14 Oktoba

Fundi amefungua mahali pa kupitishia hewa, akatoa kiota cha nyigu kikubwa kama mkate. Pampu ya dizeli imeganda, haizunguki. Mipira ya maji imepasuka yote. Tairi moja la nyuma halina mpira wa ndani. Baba alikuwa akiitikia kila ubovu kwa kichwa, kama mtu anayesomewa majina ya marehemu.

"Usiwe na hofu, Kaka Clemens," fundi akamwambia. "Hii si injini ya petroli ya kudeka. Dizeli inakula chochote chenye mafuta. Kule mgodini wakati wa shida tuliinywesha mpaka mawese."

Nimeandika maneno haya kwa sababu yanafanana na somo la sayansi.

Jumapili, 17 Oktoba

Misa. Pampu imelowekwa kwenye sufuria ya mafuta. Ni sufuria ya Mama.

Jumanne, 19 Oktoba

Pampu bado.

Ijumaa, 22 Oktoba

Mama Limbu, mke wa Mzee Mihayo, jina lake Paskalina, amekuja kuomba dizeli kikombe kimoja. Ng'ombe wao mwekundu wa kulimia ana jeraha begani lililochunwa na nira, na nzi wameanza kutaga. Dawa ya mifugo haipo tangu mwaka jana. Dizeli inafukuza nzi.

Bibi akasema, "Generoza, mpimie." Nikampimia. Mama Limbu akasema wabeja, yaani asante, mara tatu, akatoka kinyumenyume.

Jumatatu, 25 Oktoba

Pampu imezunguka! Fundi aliizungusha kwa kidole kimoja, akamwita Baba aje aone, akamwita Mama, akataka kumwita na Bibi akakumbuka. Kumbe mikono yake haitetemeki anapofanya kazi. Ila ndani kuna kipande kidogo cha chuma kimelika, na bila hicho haitasukuma. Anasema Geita yuko mtu mwenye pampu ya zamani.

Jumatano, 27 Oktoba

Watu wanne wamekuja kuomba dizeli. Dukani mafuta ya taa hayapo, wanataka ya taa zao za koroboi. Bibi aliwapa wote.

Alhamisi, 28 Oktoba

Wawili. Sasa wanakuja kila siku, nami nimeacha kuwaandika.

Jumatatu, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Matone machache ya mvua, yamelowesha vumbi tu. Baba ametazama juu kwa muda mrefu. Mvua ikianza sawasawa, barabara ya mbugani inakuwa uji mweusi.

Ijumaa, 5 Novemba

Leo nilimkatalia mtu. Alikuwa mtoto wa upande wa kisimani, ana chupa ya soda. Nilimwambia yamekwisha. Bibi alisikia kutoka ndani akaniita.

"Yamekwisha?"

"Hayajakwisha, Bibi. Lakini ni ya macho yako."

"Huyo mtoto ametumwa na nani?"

"Na mama yake."

"Mama yake ana mgonjwa ndani, atamlisha gizani. Wewe ukamwambia hapana, nami nimekaa juu ya madebe mawili kama kuku juu ya mayai. Nikitoka huko kesho na macho mapya, nitamtazama nayo mama huyo?"

Nikasema, "Bibi, kila mtu akipewa, hutapata hayo macho."

Akasema, "Tangu niolewe nyumba hii, aliyekuja mlangoni kuomba moto, chumvi au maji hakurudi mikono mitupu. Nianze leo kwa sababu ni kipofu?"

Nilimkimbilia yule mtoto nikaijaza chupa yake. Nilimkasirikia Bibi siku nzima. Najua si vizuri kuandika hivyo.

Jumapili, 7 Novemba

Misa. Tairi la nyuma tumelijaza nyasi kavu, tukazishindilia kwa mchi. Baba anasema aliwahi kwenda hivyo mpaka Biharamulo.

Jumatano, 10 Novemba

Hakuna kitu.

Jumamosi, 13 Novemba

Fundi ameondoka kwenda Geita kutafuta kile kipande. Mama anasema hatarudi. Ameacha mpira wake wa kusikilizia juu ya usukani. Baba anasema mtu haachi sikio lake.

Jumatatu, 15 Novemba

Nilipokuwa nikifagia chumbani kwa Bibi nilisogeza madebe. La kwanza lilikuja juu kama kapu tupu. La pili limepungua robo.

Nilimwambia Mama. Alikaa kwenye kinu akashika kichwa. "Baba yako asijue," akasema. "Amekwenda Kahama mara tatu. Asijue kwanza." Halafu akaingia kwa Bibi na kufunga mlango. Sikusikia sauti ya Mama. Niliisikia ya Bibi peke yake, ikisema, "Sikujua. Kikombe ni kidogo. Sikujua."

Ni kweli hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa napima, na mimi naona.

Jumanne, 16 Novemba

Bibi amenituma nyumba kwa nyumba. Kila aliyechukua arudishe alichonacho Jumapili, kwa kuwa siku ya safari imekaribia. Hakuna aliyebisha. Kila mtu alisema tu, "Tutaona."

Jumapili, 21 Novemba

Leo Baba alibaki misheni kuazima jeki, nao waliochukua dizeli wamerudisha. Ninaandika kila kitu kwa sababu nimefurahi.

Walianza kuja baada ya Misa. Dizeli yenyewe hakuna aliyekuwa nayo, imeungua kwenye koroboi na kukaukia kwenye ng'ombe. Lakini hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mzee mmoja alileta oili nyeusi kutoka trekta la kinu cha pamba. Wengine walileta mafuta ya pamba katika chupa, mengine bado yana harufu ya kitunguu. Yule mama wa mtoto wa chupa ya soda alileta mafuta ya taa vijiko kama kumi. Alikuwa ameyatunza kwa ajili ya Krismasi.

Mama Limbu alikuja wa mwisho na kibuyu kikubwa. Alisimama mlangoni.

"Generoza, mwanangu, wewe umesoma. Samli inafaa? Sina kingine."

Nikakumbuka maneno ya fundi. Nilikwenda kuyasoma kwenye daftari hili ili nisikosee. Nikarudi nikamjibu, "Inafaa, Mama. Dizeli inakula chochote chenye mafuta."

"Basi mungu wa magari aipokee," akasema, na wote wakacheka. Aliipasha moto kidogo ikawa laini, akaimimina katika madebe yote mawili. Ilikuwa samli ya njano, safi, ya maziwa ya masika yote. Alikuwa akimwekea binti yake atakayejifungua Januari.

Madebe yote mawili yamejaa mpaka shingoni. Mama alinishika bega. Bibi amekuwa akiimba nyimbo za mavuno tangu mchana.

Jumatano, 24 Novemba

Fundi amerudi! Ana kipande, kimefungwa ndani ya soksi. Miguu yake imevimba. Alitembea kutoka Geita siku mbili, maana lori lililombeba liliharibika. Mama alimpikia kuku bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi, 27 Novemba

LIMEWAKA.

Jua lilikuwa kali, saa saba mchana. Baba alimimina madebe yote mawili kwenye tangi. Betri haina nguvu, kwa hiyo watu walikuja kusukuma, wanaume na wanawake, wakiimba wimbo wa kulima. Safari ya kwanza hapana. Ya pili lilikohoa. Ya tatu likatoa moshi mwingi hata nikashindwa kuona mtu, na ndani ya moshi nikasikia injini ikizunguka yenyewe. Fundi aliweka mpira wake sikioni akafumba macho. Baba alikaa nyuma ya usukani, mikono yake mahali pake, na machozi yanamtoka waziwazi.

"Moshi wake unanukia kama jiko la harusi," fundi akasema. "Hii dizeli ya Kahama siku hizi wanachanganya nini?"

Watu wote wakatazama pembeni. Mimi pia.

Bibi alikuwa ameletwa nje kwenye kiti. Akauliza, "Ndilo hilo?" Akaambiwa ndilo. Akasema, "Linaunguruma kama baba yenu marehemu akiwa amelala."

Jumapili, 28 Novemba

Baba alitaka tuondoke leo, lakini Misa ilikwisha saa tano na kufunga mizigo kukachukua muda. Jumapili baada ya saa nane gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani, ni amri ya serikali ya kubana mafuta, na kabla ya saa nane tusingefika. Tutaondoka kesho alfajiri. Tunakwenda watano, Baba, Mama, Bibi, fundi na mimi. Mimi ndiye nitakayekaa na Bibi wodini.

Mawingu yamekuja upande wa Runzewe, meusi.

Jumatatu, 29 Novemba

Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi kulikuwa na baridi. Gari halikuwaka. Walisukuma watu kumi na wanane. Walisukuma mpaka kwenye kanisa na kulirudisha. Fundi anasema limevuta upepo kwenye bomba. Alifungua, akafunga, akafungua. Dizeli haifiki kwenye pampu na hajui sababu. Jua halikutoka.

Leo daktari ameanza.

Jumanne, 30 Novemba

Saa sita jua lilitoka kali. Saa saba walisukuma, likawaka mara moja, kama vile jana halikuwepo. Fundi alikuna kichwa. Baba hakuuliza, alisema pandeni. Tumepanda. Watu walikimbia nyuma yetu. Mama Limbu alipiga vigelegele.

Ninaandika garini. Tumesimama. Tumekwenda maili ishirini na saba, mvua imetukuta mbugani, injini ikapungua sauti kidogokidogo ikafa. Baba anasema bado kuna siku ya kesho.

Jumatano, 1 Desemba

Tulilala kwenye gari. Kulipopambazuka mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, na pande zote ni mbuga, nyasi na maji, hakuna nyumba. Bibi alikaa mbele amejifunga blanketi, haulizi kitu. Fundi aliingia chini ya gari, akafungua chujio la dizeli. Alitoka akiwa amelishika kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa kitu cha njano, kigumu kama sabuni. Alikichukua kwa kidole. Alinusa. Akaonja.

"Kaka Clemens," akasema, "hii ni samli."

Baba alifikiri ni mzaha. Fundi akamsogezea. Baba alinusa, akamtazama Mama, na Mama akatazama chini.

Nikasema mimi. Nilisema yote, vikombe, koroboi, ng'ombe mwekundu, Jumapili ya kurudisha. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyewaambia samli inafaa. Nikasema nilimsikia fundi akisema inakula chochote, nami niliandika.

"Siku ile nilikuwa nimelewa!" fundi akasema. "Mtoto akaandika!" Alianza kucheka, lakini hakuna aliyemfuata, akaacha. "Kwenye jua inakwenda, mwanangu. Ikipata baridi inaganda. Mawese tuliyachemsha kwanza kwenye pipa. Hilo sikusema."

Bibi akanyoosha mkono. "Nipeni ninuse." Fundi akamwekea kidogo kiganjani. Alinusa taratibu. "Ya Paskalina," akasema. "Hakuiunguza hata kidogo." Akajipaka iliyobaki kwenye mikono, kwa kuwa ilikuwa imepasuka kwa baridi.

Nilidhani Baba angepiga kelele. Ningependa apige. Alimwendea mama yake mlangoni mwa gari akasimama kwenye tope.

"Mama, nilikwambia ni ya macho yako."

"Uliniambia, Clemens."

"Kwa nini, Mama?"

"Walikuja mlangoni."

Baba akaenda kutafuta kuni.

Kuni zote zilikuwa mbichi. Tulivunja ubao wa kukalia wa nyuma tukauchoma, tukayeyusha chujio kwenye sufuria, fundi akafunga bomba kwa matambara yenye majivu ya moto. Wachungaji watatu wa ng'ombe walikuja wakasaidia kusukuma. Liliwaka saa nne, likaenda maili sita. Tukachoma mkeka. Likaenda maili mbili. Baada ya hapo fundi alifungua tangi akatia kijiti, kikasimama wima chenyewe.

Zilikuwa zimebaki maili thelathini na tano. Baba alivua viatu akavifunga shingoni. Alisema atakwenda kwa miguu, afike kabla ya asubuhi, amwombe daktari asubiri au hospitali itume gari. Alipiga magoti mbele ya Bibi kwenye maji akasema, "Shikamoo, Mama," ingawa alikuwa ameshamwamkia asubuhi. Bibi akasema marahaba. Tulimtazama mpaka akawa mdogo. Ni mbuga tupu, kwa hiyo ilichukua muda mrefu sana kumpoteza.

Mimi bado nafikiri atafika. Baba hutembea haraka.

Alhamisi, 2 Desemba

Mvua imekatika. Mbingu safi. Tulikuwa nje tukianika mablanketi juu ya Landrova. Saa tatu, au pengine saa tatu na nusu, tukasikia mlio.

Bibi alisikia kwanza. Akasema, "Hospitali wametuma gari." Mama akasimama akatazama barabarani. Mimi nilitazama juu. Ilikuwa ndogo, nyeupe, inatoka upande wa Kahama. Haikuwa juu sana. Niliona magurudumu yake.

"Generoza," Bibi akasema, "wako mbali?"

Mwalimu Justa alitufundisha kwamba shajara isiandikwe uongo, lakini hakusema kuhusu kusema. Nilifungua mdomo niseme wako mbali. Nikasema, "Si gari, Bibi. Ni ndege."

"Ya daktari?"

"Ndiyo."

Aligeuza uso kuifuata kwa sikio, kutoka upande mmoja hadi mwingine, mpaka sauti ikaisha. Akaendelea kugeuka kidogo hata ilipokuwa imeisha. Fundi Nkwabi alikwenda nyuma ya gari akakaa huko.

Ijumaa, 3 Desemba

Baba amerudi jioni, amebebwa kipande cha njia kwa baiskeli. Alifika hospitali Alhamisi saa mbili. Daktari alikuwa ameshavaa koti. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho, hata akavua miwani. Gari la hospitali halikuwa na dizeli. Alimwandikia karatasi: mwakani Bibi atakuwa wa kwanza kwenye orodha, iwapo ndege itakuja.

Baba alimsomea Bibi karatasi hiyo.

"Mwakani," Bibi akasema. "Mwakani nitakuwa nimeshazoea. Itakuwa shida kuanza tena kuona."

Jumanne, 7 Desemba

Tumefika nyumbani. Wachungaji walipeleka habari, na Mzee Mihayo alikuja na ng'ombe wake wanne wa kulimia. Waliivuta Landrova siku mbili. Baba alikuwa ndani akishika usukani. Alisema kwa ng'ombe breki haina kazi. Jeraha la yule mwekundu limepona kabisa, manyoya yameshaota.

Watu walisimama njiani. Mama Limbu aliona chujio lenye samli iliyoganda limening'inia kwenye kioo, fundi alilisahau pale, akaelewa. Alijifunika kanga usoni. Bibi alimsikia analia akauliza ni nani, kisha akamwita aje, akamshikilia mkono. Walikaa hivyo muda mrefu.

Alhamisi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Fundi ameondoka kwa miguu kwenda Geita. Nilimpelekea viazi vya kuchoma njiani. Sasa najua kwamba nilimwonea tangu mwanzo. Akasema, "Mwanangu, usiache kuandika. Ila uliza mara mbili."

Majibu ya mtihani bado.

Jumamosi, 11 Desemba

Baba amelifunika gari kwa nyasi mpya.

Jumanne, 14 Desemba

Bibi haoni tena mwanga wa mlango. Amesema asubuhi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Ardhi imelowa vizuri na watu wote wako shambani. Akataka naye aende, hajawahi kukosa kupanda tangu awe msichana.

Nilitangulia na jembe nikichimba mashimo ya mahindi. Bibi alinifuata na kibuyu cha mbegu kiunoni. Alikuwa akilitafuta kila shimo kwa kidole cha mguu, akilipata anainama, anadondosha mbegu tatu, anasogea. Alikwenda vizuri mwanzoni. Baadaye nyonga ikamchosha na mguu ukawa unaruka mashimo, mara mawili, mara matatu, naye alidondosha mbegu juu ya udongo mtupu, akaniuliza kama mstari umenyooka.

Nikasema umenyooka. Mbegu zilizodondoka nje niliziacha, maana ningeziokota angesikia nimesimama. Nilirudi nyuma yake nikafukia mashimo yote kwa mwendo mmoja, yenye mbegu na yasiyo na mbegu, mpaka mwisho wa shamba.